Umefuata ukurasa wa U-Boot na bodi haiwaki? Dalili, chanzo, na namna ya kurekebisha ukurasa wenyewe

Watu wengi wakishika bodi ndogo kama Orange Pi, BeagleBone au hizi zenye chipu ya Rockchip na wakaamua kukompaili U-Boot (butiloda, programu inayoamsha bodi kabla ya Linux) wenyewe, wanafungua ukurasa wa hiyo bodi, wanakopi komandi moja moja mpaka mwisho, alafu bodi ikikaa kimya wanasema imeungua. Mara nyingi bodi ni nzima kabisa, ukurasa ndo umepitwa na wakati. U-Boot inatoa toleo jipya kila miezi mitatu, Januari, Aprili, Julai na Oktoba (ndo maana majina ni v2024.01, v2024.04 na kuendelea), na kila toleo kuna kitu kinabadilishwa jina, kinahamishwa au kinatolewa, wakati ukurasa wa bodi unaweza kukaa miaka hakuna aliyeugusa.

Kwa hiyo hapa napitia dalili moja moja, nasema chanzo chake, na kila mahali nasema pia nini kibadilishwe kwenye ukurasa. Hilo la pili kwangu ndo muhimu zaidi, kwasababu ukijitatulia mwenyewe ukaondoka, anayekuja nyuma yako anaangukia palepale.

Kwanza ujue nyaraka zinakaa wapi

Ukurasa wa bodi uko ndani ya ripo ileile ya koodi, kwenye folda la doc/board/, umepangwa kwa jina la kampuni: doc/board/allwinner, doc/board/rockchip, doc/board/ti, doc/board/nxp na wengine. Kila ukurasa ni faili la .rst na Sphinx ndo inaligeuza liwe ule ukurasa unaousoma docs.u-boot.org. Zamani vyote vilikuwa mafaili ya README ya maandishi matupu, mengi yameshahamishwa kwenda .rst ila mengine bado yapo humohumo kwenye doc/ na board/, kwa hiyo ukikuta bodi moja ina README na .rst vyote viwili na vinapingana, usiamini chenye sura nzuri, angalia tarehe:

    git log -3 --format='%ad %s' -- doc/board/rockchip/rockchip.rst

Sababu nyaraka na koodi vinakaa pamoja, nyaraka zinazokuhusu ni zile zilizopo kwenye tagi (alama ya toleo, kama v2024.01) unayokompaili. Mtu anasoma ukurasa wa latest kwenye mtandao huku mkononi ana v2021.10 aliyoipata kwenye SDK ya muuzaji, lazima vitu visikubali. Hapo ukurasa hauna kosa lolote, fanya git checkout ya tagi yako alafu soma folda la doc/ la hapo hapo.

Kitu kingine cha mapema, wengi tunaogopa kumaliza bando tunafanya clone ya --depth 1. Inakompaili vizuri tu, ila historia yote inakuwa haipo, na kazi yote ya kurekebisha nyaraka inategemea historia. Fanya hivi badala yake:

    git clone --filter=blob:none https://source.denx.de/u-boot/u-boot.git

Hii inakuletea historia nzima bila kubeba yaliyomo ya kila faili la zamani, yatashushwa pale tu utakapoyahitaji.

Dalili: make inasema haioni defconfig

Defconfig ni faili la mipangilio ya kukompaili ya bodi fulani. Unapata hii:

    *** Can't find default configuration "arch/../configs/bodi_yangu_defconfig"!

Chanzo kinaweza kuwa kimoja kati ya vitatu. Faili limebadilishwa jina, au bodi imetolewa kabisa, au bodi haijawahi kuwa na faili lake. Hili la mwisho linawachanganya watu sana. BeagleBone Black kwa mfano inatumia am335x_evm_defconfig, jina la bodi ya majaribio ya Texas Instruments, sasa ukitafuta "beaglebone" kwenye configs/ unaweza ukaona kama haipo kwenye U-Boot wakati ipo siku zote. Raspberry Pi nayo, kuna rpi_3_defconfig na rpi_4_defconfig lakini kuna rpi_arm64_defconfig inayobeba zaidi ya modeli moja kwa mpigo.

Kujua kama lilikuwepo likaondoka:

    git log --oneline -- configs/bodi_yangu_defconfig

Ikitoa kitu, chukua ile ya juu kabisa uifungue kwa git show -M. Kama ni jina limebadilika utaona jina jipya hapohapo. Kama ni kufutwa, soma maelezo, mara nyingi utakuta bodi ilitolewa kwasababu hakuna aliyeihamishia kwenye mfumo mpya wa madereva (wenyewe wanauita DM) mpaka muda uliowekwa ukapita, na bodi nyingi za zamani zimeondoka kwa njia hiyo.

Kwenye ukurasa: jina likibadilika badilisha komandi, na tafuta jina la zamani kwenye folda zima kwa git grep kwasababu huwa limetajwa sehemu zaidi ya moja. Bodi ikiwa imefutwa na ukurasa wake bado upo, huo ukurasa uondolewe, na msimamizi akitaka ubaki basi uanze kwa kutaja toleo la mwisho lililokuwa na hiyo bodi. Kuacha maelekezo ya bodi isiyokuwepo ni kumpotezea mtu siku nzima.

Dalili: kompaili imefika mwisho ila kuna maneno mekundu

    Image 'simple-bin' is missing external blobs and is non-functional: atf-bl31

Hapa binman, ndo chombo kinachounganisha vipande vyote kuwa faili moja, inakwambia wazi kwamba picha iliyotoka haiwezi kubuti. Kwenye chipu za ARM za biti 64, U-Boot peke yake haitoshi, inahitaji BL31 kutoka mradi mwingine unaoitwa Trusted Firmware-A. Kwa Allwinner A64 unakompaili hivi:

    make CROSS_COMPILE=aarch64-linux-gnu- PLAT=sun50i_a64 bl31
    export BL31=/njia/yako/build/sun50i_a64/release/bl31.bin

Kwa RK3399 unachotoa ni bl31.elf sio .bin, na unahitaji kompaila ya pili, arm-none-eabi, sababu ndani ya RK3399 kuna kiini kidogo cha Cortex-M0 chenye fimwea yake. Mtu asiyeambiwa hivyo anakwama kwenye kosa ambalo halifanani kabisa na U-Boot, anaanza kulaumu mashine yake.

Alafu kuna chipu zinazohitaji kitu kilichofungwa. RK3568 na RK3588 zinataka faili la kuamsha RAM kutoka Rockchip wenyewe, unalipitisha kwa ROCKCHIP_TPL. Familia ya i.MX8M ya NXP inataka fimwea za mafunzo ya DDR, zinakuja ndani ya kifurushi cha firmware-imx ambacho lazima ukubali leseni ndo kifunguke. Kwenye Allwinner kuna fimwea ya SCP ya usimamizi wa umeme, hiyo ni ya hiari, ukiweka SCP=/dev/null unaendelea na kazi.

Ukurasa mzuri unasema haya kabla ya komandi ya make. Unataja kipande kinaitwaje, kinatoka wapi, ni cha lazima au hiari, na ni chanzo huria au kimefungwa. Hilo la mwisho usiliruke, kuna watu wanachagua bodi kwa kigezo hicho tu na wana haki ya kujua kabla hawajatoa hela. Na tafadhali usimwelekeze mtu aweke BINMAN_ALLOW_MISSING=1 ili kosa liondoke. Ile ni kwa ajili ya mashine za majaribio zinazotaka kuona koodi inakompaili, kwa mwenye bodi halisi inampa faili zima kwa sura ambalo halitawaka kamwe.

Dalili: umeandika kwenye kadi, siriali kimya kabisa

Hii ndo kubwa na ndo inayoleta kilio, kwa hiyo twende taratibu.

Siriali ni ule waya unaoleta maandishi ya bodi kwenye kompyuta yako. Tenganisha kwanza kimya na takataka. Ukiona herufi za ajabu ajabu basi bodi inaongea, kasi ndo sio yenyewe. Bodi nyingi za Rockchip zinatumia 1500000, wakati karibu dunia nzima imezoea 115200. Na hapa kuna mtego ambao kurasa nyingi hazisemi: sio kila kebo ya USB-siriali inafika kasi hiyo. CP2102 ya zamani mwisho wake ni 1 Mbps, hutapata kitu kinachosomeka hata uweke mipangilio sawa. CH340 inafika 2 Mbps na FT232R inafika 3 Mbps, hizo zinaweza. Kwa hiyo kwenye ukurasa usiandike "unganisha siriali" ukaishia hapo, andika kasi, andika pini zipi za TX, RX na GND, na andika volti (kwenye bodi nyingi hizi ni 3.3, ukimchomekea 5 unaweza kuua pini).

Kimya kabisa, hata herufi moja hamna, na waya umeshabadilisha TX na RX kuhakikisha? Chomeka bodi kwa kebo ya USB kwenye kompyuta, ile pot ya OTG, alafu piga lsusb. Ukiona 1f3a:efe8 hiyo ni Allwinner iko kwenye FEL. Ukiona kifaa kinachoanza na 2207, hiyo ni Rockchip iko maskrom. Maana yake chipu iko hai, imetafuta butiloda kila mahali ikakosa, ikaamua kusubiri USB. Hii ni habari njema sana na inatakiwa iwe kwenye kila ukurasa wa bodi, kwasababu inamtoa mtu kwenye hofu ya "imekufa" na kumpeleka kwenye swali la kweli ambalo ni: faili uliliandika sehemu gani ya kadi?

Kila chipu ina ROM ndani yake yenye koodi isiyobadilika, na hiyo ROM inaangalia sehemu moja au mbili tu. Allwinner inaangalia 8 KiB kutoka mwanzo. Rockchip inaangalia sekta ya 64, yani 32 KiB. i.MX6 ni 1 KiB. Na hii ya i.MX8M iangalie vizuri: i.MX8MQ na i.MX8MM ni 33 KiB, lakini i.MX8MN na i.MX8MP ni 32 KiB. Tofauti ni kilobaiti moja, majina yanafanana, mtu anaandika ukurasa wa bodi mpya ya 8MP kwa kukopi wa 8MM, anabadilisha kila jina, anasahau seek=33. Ukurasa unapita, unachapishwa, na kila anayeufuata anapata kimya. Ukiwa unapitia ukurasa wa mtu mwingine wa i.MX8M anza na hiyo namba kabla hujasoma kitu kingine.

Mtego wa pili ni dd yenyewe. Kwa Allwinner komandi ni

    sudo dd if=u-boot-sunxi-with-spl.bin of=/dev/sdX bs=1k seek=8 conv=fsync

na kwa Rockchip ni

    sudo dd if=u-boot-rockchip.bin of=/dev/sdX seek=64 conv=fsync

Ile ya pili haina bs, kwa hiyo dd inatumia 512, na 64 mara 512 inakupa 32 KiB. Sasa kuna mtu ataona dd inaenda polepole ataongeza bs=1M kama alivyozoea, faili linaenda kukaa 64 MiB ndani na ROM haitaliona milele. Ndo maana napenda ukurasa utaje ofseti kwa maneno pia, "faili likae sekta ya 64, yani 32 KiB", ili hata komandi ikichezewa msomaji ana kitu cha kulinganisha. Na siku zote iwe /dev/sdX, isiwe /dev/sda, kwasababu kwa watu wengi sda ndo diski yenye kazi zao.

Kuhakiki bila kuhisi, isome kadi:

    sudo dd if=/dev/sdX bs=1k skip=8 count=1 | hexdump -C | head

Kwa Allwinner unatakiwa uone maneno eGON.BT0 kwenye mstari wa kwanza. Hayapo? Basi ROM nayo haiyaoni.

Mtego wa tatu ni wa GPT (mtindo wa jedwali la partisheni za kadi au diski), na huu unauma kwasababu bodi inakuwa inawaka vizuri kabisa alafu siku moja inakataa. Jedwali la GPT linachukua sekta 34 za mwanzo, yani 17 KiB. Butiloda ya Allwinner inaanza 8 KiB, ambayo ni sekta ya 16, katikati kabisa ya jedwali. Ukigawa kadi upya kwa GPT baada ya kuandika U-Boot umefuta U-Boot, ukiandika U-Boot baada ya kugawa umeharibu jedwali. Chipu za kuanzia H3 na A64 zina njia ya kutokea, ROM yake isipokuta kitu 8 KiB inaangalia pia 128 KiB, kwa hiyo unaweka seek=128 na vyote viwili vinaishi kwa amani. Za zamani kama A10 na A20 hazina hiyo. Ukurasa wa bodi yenye H3 au A64 unaotaja seek=8 peke yake haujakosea, ila haujamaliza kazi, na kuongeza sentensi mbili kuhusu 128 KiB ni pachi (badiliko unalolituma kwa mradi) nzuri sana ya kuanzia kwa mtu mgeni.

Raspberry Pi iache pembeni kwenye haya yote. Pale hakuna ofseti, fimwea ya upande wa GPU ndo inayoanza, inasoma config.txt kwenye partisheni ya FAT, na U-Boot inaingia kama vile ni keneli kwa mstari wa kernel=u-boot.bin. Ukisahau enable_uart=1 unaweza kukosa siriali ukadhani haijabuti.

Dalili: inawaka, ila toleo sio lako

Angalia mistari ya kwanza kabisa. Inatoka miwili, mmoja wa "U-Boot SPL 2024.01" na tarehe (SPL ni kipande kidogo cha U-Boot kinachotangulia kuamka), alafu baadae "U-Boot 2024.01" na tarehe. Linganisha tarehe na muda uliokompaili wewe.

Zote mbili zikiwa za zamani, bodi imebuti kutoka sehemu nyingine. RK3399 inaangalia SPI (chipu ndogo ya flashi) kwanza, ikifuata eMMC (hifadhi iliyobandikwa kwenye bodi), kadi ya SD inakuja baadae, kwa hiyo bodi iliyokuja na mfumo wa kiwandani ndani ya eMMC haiwezi kuifikia kadi yako hata uandike mara ngapi. Allwinner A64 ni kinyume, inaanza na kadi. BeagleBone Black inaanza na eMMC, ila ukishikilia kitufe cha S2 wakati unaiwashia umeme inaanza kwenye kadi.

Inayochanganya zaidi ni SPL ya zamani na U-Boot mpya. Inawezekana kabisa kwenye Rockchip: ROM imechukua SPL ya zamani kutoka eMMC, ila hiyo SPL ina orodha yake yenyewe ya wapi pa kutafuta kipande kinachofuata, na kadi ikiwa juu kwenye orodha inachukua U-Boot yako mpya. Unapata mchanganyiko ambao hakuna mtu aliyewahi kuujaribu, saa nyingine unafanya kazi, saa nyingine unaganda katikati. Mtu akikuletea tatizo la hivi mwombe mistari yote kuanzia ya kwanza kabisa, asikate.

Kwenye ukurasa weka mpangilio wa kubuti wa bodi hiyo na namna ya kuulazimisha, kama ni kitufe, jampa au kufuta eMMC. Alafu weka nakala ya yale maandishi ya siriali ya bodi iliyowaka vizuri. Mistari kumi tu inatosha, msomaji anaweka yake pembeni analinganisha, na swali linaishia hapo.

Dalili: umefika kwenye prompt, ila komandi za ukurasa hazikubali

    ## Error: "distro_bootcmd" not defined

Hii inatokana na mabadiliko makubwa. Zamani kubuti kulitegemea skripti ndefu ndani ya env (mipangilio ya U-Boot yenyewe), sasa bodi nyingi zimehamia bootstd, mfumo mpya wa kubuti, na komandi ni bootflow scan -lb. Ukurasa unaosema run distro_bootcmd kwenye bodi iliyokwisha kuhama urekebishwe, ila usibadilishe kwa kukisia. Angalia kwenye .config ya hiyo bodi kama CONFIG_BOOTSTD ipo kweli na CONFIG_BOOTCOMMAND inasema nini.

Kinyume chake pia kinatokea: U-Boot ni mpya lakini inafanya mambo ya zamani. Hapo ni env iliyohifadhiwa kwenye eMMC au SPI na toleo lililopita, inafunika ile mpya. Piga env default -a, alafu saveenv. Na ukiona "bad CRC, using default environment" kwenye bodi ambayo hujawahi kuhifadhi env, hilo ni onyo tu, endelea na kazi.

Nyingine ni ya DTS, yani faili linaloelezea vifaa vilivyopo kwenye bodi. Mtu anaambiwa ahariri faili kwenye arch/arm/dts, anahariri, anakompaili, hakuna kinachobadilika, au faili lenyewe halipo. Tangu 2024 bodi nyingi zinachukua DTS moja kwa moja kutoka kwenye nakala ya zile za Linux iliyoko dts/upstream. Tafuta CONFIG_OF_UPSTREAM kwenye .config, ikiwa y basi ukurasa unaotaja arch/arm/dts umepitwa. Bodi bado zinaendelea kuhama, kwa hiyo hii ni sehemu yenye kazi nyingi kwa anayetaka kusaidia.

Dalili: ukurasa unasema inasapoti, kifaa hakifanyi kazi

Hapa nina msimamo mkali kidogo. Neno "inasapotiwa" likiwa peke yake kwenye ukurasa wa bodi halina faida yoyote. Inasapotiwa toleo gani, na nani alijaribu, kwenye rev (toleo la bodi yenyewe) ipi ya PCB?

Chanzo kikubwa cha ahadi hewa ni kusoma DTS alafu kuandika orodha. Mtu anaona kuna kipengele cha HDMI, status yake ni okay, anaandika HDMI ipo. Lakini ile DTS imetoka Linux, inaelezea vifaa vilivyopo kwenye bodi, haisemi kama U-Boot ina dereva wa kuviendesha. Njia ya uhakika ni kuwa na bodi mkononi: piga dm tree uone dereva zipi zimeshika, zilizoamka zina alama ya [ + ], mmc list na mmc info kwa ajili ya eMMC na kadi, usb start, dhcp au ping kwa Ethernet. Kilichopita andika kimepita kwenye toleo gani. Kilichokataa andika kimekataa.

Tena kile kilichokataa kina thamani kuliko kilichopita, kwasababu anayekwama ndo anayekuja kusoma. Mstari mmoja wa "USB 3.0 haijafanya kazi kwenye v2024.10, rev 1.4" unaokoa watu wengi kuliko aya nzima ya sifa za bodi ambazo mtu anaweza kuzisoma kwenye boksi. Na ambacho hukukigusa kiache bila kukitaja au andika hakijajaribiwa, usijaze nafasi.

Huna bodi? Bado unaweza kufanya kazi ya maana. qemu_arm64_defconfig inakompaili U-Boot ya mashine ya kufikirika unayoiendesha hivi:

    qemu-system-aarch64 -machine virt -nographic -cpu cortex-a57 -bios u-boot.bin

Hapo unahakiki komandi zote zisizotegemea kifaa, kama bootflow, env na nyinginezo. Kuna pia sandbox_defconfig inayoendesha U-Boot kama programu ya kawaida ndani ya Linux. Ofseti na siriali za bodi halisi hutazipata humo, hizo mwachie mwenye bodi.

Dalili: umerekebisha, Sphinx inalalamika

Andaa mazingira kwanza:

    python3 -m venv mazingira
    . mazingira/bin/activate
    pip install -r doc/sphinx/requirements.txt
    make htmldocs

Ukipata "Could not import extension" hujafunga vifurushi au umesahau kuwasha venv. Matokeo yanakaa doc/output, yafungue kwenye brauza uyaone kwa macho.

"Title underline too short" ni mstari chini ya kichwa cha habari umekuwa mfupi kuliko kichwa, unatokea sana ukirefusha jina la bodi. "document isn't included in any toctree" ni umeandika ukurasa mpya hukuuongeza kwenye index.rst ya folda la kampuni, bila hivyo hakuna anayeweza kuufikia. Na hii inatisha watu bure:

    Error in "code-block" directive: maximum 1 argument(s) allowed, 5 supplied.

Umesahau mstari mtupu kati ya .. code-block:: bash na komandi, basi. Mashine za majaribio za mradi zinahesabu onyo kama kosa, usitume ukiwa na onyo hata moja ulilolileta wewe. Ukurasa mpya uanze na mstari wa leseni, .. SPDX-License-Identifier: GPL-2.0+, na mistari isizidi herufi 80.

Dalili: umetuma pachi, hakuna anayejibu

U-Boot inapokea pachi kwa barua pepe. Kabla ya kutuma piga scripts/checkpatch.pl, alafu scripts/get_maintainer.pl ikwambie majina ya kuwatumia. Kama hiyo ya pili haimtaji msimamizi wa bodi, fungua faili la MAINTAINERS kwenye folda la bodi, board/kampuni/bodi/MAINTAINERS, uangalie mistari ya F:. Mara nyingi utakuta ina configs na include lakini ukurasa wa doc/board haumo, kwa hiyo kila mabadiliko ya huo ukurasa yanampita msimamizi hata hajui. Ongeza huo mstari wa F: kwenye pachi yako. Ni mstari mmoja, ila ndo unaoamua kama ukurasa utakuwa na mtu wa kuuangalia mwakani.

Mengine yanayokwamisha: barua imeenda kama HTML na pachi imeharibika (tumia git send-email), hakuna Signed-off-by yenye jina lako, au umechanganya mambo matano kwenye pachi moja. Kurekebisha ofseti iwe pachi yake, kusafisha maandishi iwe nyingine, sababu ya kwanza inaweza kuingia haraka na ya pili watu watabishana. Kichwa kifuate mtindo wa folda hilo, angalia git log --oneline ya doc/board/kampuni uone wenzako wanaanzaje. Kwenye maelezo sema umejuaje: "nimejaribu kwenye bodi rev fulani, v2025.01, kadi ya SD, siriali hii hapa". Msimamizi asiye na hiyo bodi anategemea sentensi hiyo tu kukubali au kukataa.

Kimya cha wiki moja ni kawaida, hasa karibu na kutoka kwa toleo. Angalia Patchwork (tovuti inayoorodhesha pachi zilizotumwa) kama pachi imeonekana na ina hali gani, wiki mbili zikipita jibu barua yako mwenyewe kwa heshima ukikumbusha. Ukiombwa marekebisho tuma yote upya kwa git format-patch -v2, na yaliyobadilika yaandike chini ya ule mstari wa --- ili yasomwe na wapitiaji bila kuingia kwenye historia.